Kutoka Mwanza hadi kikale: namna ya kutembelea majumba ya abakama wa Buhaya na kuonja lubisi

Lubisi, pombe ya ndizi ya Wahaya, haina subira. Ikifika siku yake inanyweka, ikipita imekuwa siki. Nililijua hilo nikiwa nimeshachelewa. Safari yangu ya kwanza kwenda Bukoba kwa ajili ya majumba ya wafalme wa Kihaya nilipanga kila kitu: tiketi ya meli, chumba, bodaboda, mpaka mzee wa kutupokea kijijini. Tulifika Jumatatu. Ndizi zilikuwa zimekamuliwa Alhamisi, pombe ikaiva Ijumaa, na Jumapili baada ya ibada kibuyu cha mwisho kikawa kimelazwa chali. Tukaoneshwa jumba, tukapiga picha, tukarudi Mwanza. Niliiona nyumba, maisha yake sikuyaona.

Katika Buhaya, nchi ya Wahaya magharibi mwa Ziwa Victoria, jumba la mfalme na kibuyu cha pombe havikutengana. Aliyekamua ndizi alitenga sehemu ikaenda kikale, yaani kwa mfalme, kama alivyotenga shina la kahawa au mkungu wa ndizi. Kwa hiyo mwongozo huu unapanga safari nzima kufuata ndizi, na jumba linafuata nyuma. Ukifanya kinyume, utarudi kama nilivyorudi mimi.

Maneno machache kabla ya kuondoka

Omukama ni mfalme. Wakiwa wengi ni abakama. Kikale ni makao yake. Kibanja ni shamba la migomba linaloizunguka nyumba, na msonge ni nyumba ya asili ya nyasi yenye umbo la kuba inayoshuka mpaka chini. Wakoloni walizikuta falme kadhaa upande huu wa ziwa: Kiziba, Kihanja, Ihangiro, Kyamtwara, Bugabo, Missenyi, Maruku, na Karagwe kule bara. Utawala wa machifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, miaka miwili baada ya uhuru. Majumba yakabaki mikononi mwa familia. Maana yake ni kwamba mahali pengi utakapokwenda hapana dirisha la tiketi. Unaingia nyumbani kwa watu.

Hatua ya kwanza: hesabu siku kurudi nyuma

Chagua siku unayotaka kunywa, halafu rudi nyuma. Tuseme ni Jumamosi. Pombe inahitaji takribani saa 24 tangu ndizi zikamuliwe, basi zikamuliwe Ijumaa. Kabla ya hapo ndizi zinavundikwa siku tano au sita mpaka ziive na kulainika, basi zifukiwe mwishoni mwa wiki iliyotangulia. Na kabla ya kufukiwa mwenyeji anapaswa kuichagua mikungu, kwa sababu ndizi za pombe ni aina ya peke yake. Si zile za kupika wala si gonja ya kuchoma. Kwa hiyo piga simu siku kumi kabla. Ukipiga siku tatu kabla utaambiwa "njoo tu", kwa sababu Mhaya hamkatalii mgeni, lakini utakuta kinywaji cha kununua kwa jirani, pengine cha juzi.

Kuhusu msimu: Bukoba hunyeshewa sana, takribani milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua kubwa ni za Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Juni hadi Septemba barabara za vijijini ni kavu na bodaboda hazitelezi. Hata hivyo Novemba ina senene, na bakuli la senene wa kukaanga kando ya lubisi ni sababu ya kutosha ya kuvumilia matope.

Hatua ya pili: mpate mwenyeji, usitafute dalali

Mwanza imejaa Wahaya. Uliza kazini, kanisani, chuoni, sokoni. Hutamaliza siku mbili kabla ya kumpata mtu mwenye baba mdogo kule Kanyigo, Kanazi au Maruku. Huyo ndiye mwongozaji wako. Mweleze mambo matatu waziwazi: unataka kuliona jumba la omukama, unataka kuona ndizi zikikamuliwa, na utalipia ndizi, mtama na kazi ya wakamuaji. Bei kubalianeni kwenye simu. Wazee wengi hawatataja fedha mbele yako, na wewe usiwaachie aibu hiyo.

Mkono mtupu haulambwi. Chukua sukari, majani ya chai, sabuni, na kwa mzee chupa moja ya mvinyo wa zabibu wa Dodoma. Chupa hiyo ina kazi yake baadaye kwenye kuonja, nitaieleza.

Hatua ya tatu: vuka ziwa

Kuna njia mbili. Ya barabara ni takribani kilomita 400 kupitia Sengerema, Geita, Biharamulo na Muleba, na imekuwa nyepesi tangu Daraja la John Pombe Magufuli la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025. Foleni ya kivuko imeisha. Basi ni la mchana, na utafika umechoka.

Mimi nakushauri meli. MV Victoria ilianza kazi ziwani mwaka 1961, ikasimama miaka kadhaa, ikakarabatiwa na kurudi majini mwaka 2020 ikiwa na uwezo wa abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Inaondoka Mwanza jioni, inagusa Kemondo, alfajiri iko Bukoba. Haisafiri kila siku, kwa hiyo ulizia ratiba bandarini kabla hujampigia mwenyeji, kisha uoanishe usiku wa meli na siku ya kukamua. Lala daraja lenye kitanda ukimudu. Ukiamka wakati mwambao wa Kagera unatokea, na migomba inashuka mpaka karibu na maji, utaelewa kwa nini watu wa huku walijenga ufalme juu ya ndizi.

Wengi wetu tunapanda meli hiyo tukiwa na jambo moyoni. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, na familia nyingi za pande zote mbili za ziwa zilipoteza watu. Vaa jaketi la kuokolea unapoambiwa, na chombo kikionekana kujaa kupita kiasi, kiache.

Hatua ya nne: ingia kikale kwa adabu

Anza na salamu. Msukuma akikuamkia asubuhi atasema "mwangaluka". Huku jifunze "kasinge waitu", salamu ya heshima ambayo mzee akiisikia kinywani mwa mgeni uso wake unafunguka. Mwanaume mtu mzima anaitwa Ta, kisha jina lake. Mwanamke ni Ma. Asante ni "wakola". Haya maneno manne yamenifungulia milango kuliko barua yoyote.

Kanazi, kusini mwa mji wa Bukoba, ndiyo ikulu ninayoshauri uanze nayo. Ni ya Kahigi, omukama wa Kihanja. Emin Pasha alipoweka kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, Kahigi alichagua kushirikiana nao, na ushirikiano huo ukampa nguvu juu ya majirani zake mpaka alipofariki mwaka 1916. Jumba la Kanazi linatoka katika zama hizo, na kuta zake zinasema habari hiyo bila msaada wa kitabu: ufundi wa Kizungu, ndani ya ardhi ya kikale. Simama nje kwanza. Tazama namna nyumba inavyoyaamuru mashamba yaliyoizunguka. Uliza mahali wageni waliposubiri, mahali ngoma zilipokaa, njia waliyopitia wabeba vibuyu. Maswali ya mwaka na ya majina ya wafalme mzee ameshayajibu mara mia. Muulize nani aliruhusiwa kuketi na nani alisimama, utapata saa nzima ya mazungumzo.

Muulize pia habari za nyarubanja. Ulikuwa mfumo wa ardhi ambamo omukama aliwapa wakubwa wake maeneo pamoja na watu waliokuwa wakilima humo, na wakulima hao wakawa wanatoa sehemu ya mazao, pombe ikiwemo, kwa bwana wao mpya. Serikali ya uhuru iliuondoa katika miaka ya 1960. Ziko familia zinazoukumbuka kwa fahari na ziko zinazoukumbuka kwa uchungu, wakati mwingine kijiji kimoja, nyumba zinazotazamana. Sikiliza pande zote mbili. Mgeni anayelisifia jumba bila kuuliza nani alilibeba mabegani anawakosea watu.

Mambo ya kuangalia: usiguse wala kupiga ngoma bila ruhusa. Omba idhini kabla ya kupiga picha ndani, na makaburi ya familia yaache kabisa mpaka uambiwe vinginevyo. Usipande ngazi au ghorofa ya jengo la zamani bila kuuliza, kwa sababu tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa la ukubwa wa 5.9 na lilipasua kuta nyingi mkoani Kagera, nyingine zikapigwa lipu juu tu.

Hatua ya tano: Katuruka, ukipata nusu siku

Ukipata muda, nenda Katuruka, upande wa Maruku. Hapa hakuna jumba la Kijerumani. Ni makao na mahali pa kaburi pa Rugomora Mahe, omukama wa karne ya 17, na wanakijiji wenyewe wamepahuisha na kujenga upya nyumba kwa mtindo wa msonge. Simulizi yake ndiyo ninayoipenda kuliko zote za upande huu: mfalme aliwaamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma ufike mbinguni aone kuna nini huko, mnara ukaanguka. Pembeni palikuwa na mti mkubwa ulioitwa Kaiija, jina linalohusishwa na kiwanda cha mhunzi.

Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwasikiliza wazee wakisimulia hayo, akachimba pale walipomwonesha, na akakuta mabaki ya kufua chuma ya zaidi ya miaka 2,000, ya kale kuliko Rugomora mwenyewe kwa karne nyingi. Wazee walikuwa wametunza kumbukumbu ya mahali ambayo hata ufalme uliikuta. Ukifika, mwombe mwongozaji asimulie mnara akiwa amesimama pale pale, usikubali akusimulie garini.

Hatua ya sita: ziangalie ndizi zikikamuliwa

Rudi kwa mwenyeji wako mapema Ijumaa. Kama ametumia shimo, utakuta wanafukua udongo na majani ya migomba, na harufu inayotoka inakufikia kabla hujaona kitu. Wengine huivisha juu ya dari ya jikoni, kwa moshi. Ndizi humenywa na kutupwa kwenye mtumbwi wa mti, gogo lililochimbwa ndani kama mtumbwi wa kuvulia, pamoja na nyasi. Nyasi zina kazi: zinashika nyama ya ndizi ili maji yake yatoke masafi.

Kisha wanaume wanaosha miguu na kuingia. Kukanyaga ni kazi ya wanaume kwa mila, na ukiwa mwanamke mgeni usishangae ukiombwa ukae pembeni. Wapo wenyeji wa leo wasiojali, wapo wanaojali sana, uliza. Ukikaribishwa uingie, ingia. Mwanzoni ni utelezi mtupu na huamini kama kuna maji humo. Baada ya dakika ishirini au zaidi povu linapanda na juisi inaanza kujitenga. Hapo omba kikombe. Juisi hiyo bado haina kilevi, ni tamu kiasi cha kukwaruza koo, watoto wote wa jirani wanajua siku hiyo na watakuwa wamesimama kwenye foleni na vikombe vyao.

Baadaye juisi inachujwa, inapunguzwa kwa maji, inatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, halafu mtumbwi unafunikwa kwa majani ya migomba mpaka kesho. Mtama ndio unaoleta uchachu pamoja na ile ladha ya kuungua kidogo. Kwenye maji usione haya: uliza mapema kama yamechemshwa, na jitolee kununua kuni za kuyachemshia. Hilo ndilo linalowaumiza wageni matumbo, na wao huisingizia pombe.

Ombi moja kwa niaba ya wakulima: futa matope kwenye viatu unapotoka shamba moja kwenda jingine, na usibebe mche wala ua la mgomba. Ugonjwa wa mnyauko umeingia Kagera tangu miaka ya 2000 na umeangamiza vibanja vizima. Watafiti wa kituo cha Maruku wamekuwa wakipambana nao, lakini kisu kichafu kimoja kinatosha kuuhamisha.

Hatua ya saba: onja

Jumamosi, jua likianza kulegea. Kwanza utapewa kahawa, siyo ya kunywa. Ni buni zilizochemshwa pamoja na majani ya mitishamba zikakaushwa, unazitafuna. Zamani watu wawili walipofanya udugu wa damu walikula buni zilizoguswa na damu zao; leo ni karibu tu, lakini pokea kwa mikono miwili.

Mwenyeji ataonja lubisi kabla yako. Ni desturi ya kukuhakikishia kwamba kilichomo ni salama. Msubiri. Kibuyu na mrija vitakuja, na hapa nakushauri uombe kikombe chako mwenyewe au mrija wako, kwa upole. Mkoa wa Kagera ulikuwa na mlipuko wa homa ya virusi vya Marburg mwaka 2023 na tena 2025, na wenyeji wenyewe walijifunza kuacha kuazimana mirija. Hakuna atakayekasirika.

Usinywe kwa pupa. Nusa kwanza: utapata ndizi iliyoiva mno, moshi, na kitu kama uji wa mtama. Meza kidogo, uache ulimini. Utamu unakuja mbele, uchachu unafuata pembeni mwa ulimi, mwisho ni ule mkaango. Ikiwa utamu umetawala, bado changa. Uchachu ukiutangulia utamu, imepitiliza. Ninayoipenda mimi ni ya saa kama 24 hadi 30, pale ambapo vyote viwili vinavutana na povu dogo linakuchoma.

Sasa fungua ile chupa ya Dodoma. Mmiminie mzee, ujimiminie na wewe, muonje kwa zamu. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mvinyo wake huwa na kilevi cha asilimia 12 hivi au zaidi, wakati lubisi kwa kawaida iko kwenye 4 au 5. Utaona mvinyo wa zabibu unakausha mdomo na lubisi inaujaza. Niliwahi kukaa na mzee mmoja aliyezungusha mvinyo mwekundu mdomoni muda mrefu, kisha akasema: "Hiki kimezeeka vizuri. Chetu hakizeeki, kinakufa." Akaniongezea lubisi.

Kula kabla na wakati wa kunywa. Ndizi za kupika na maharage au samaki wa ziwani zitakuwepo. Na usiendeshe chombo chochote baadaye. Mlipe bodaboda asiyekunywa akusubiri, au ulale hapo hapo.

Usichokubali

Usiku ukienda, mtu atakunong'oneza kwamba iko kali ya nyumbani, ya kuchemsha. Hiyo ni gongo. Kuipika bila leseni ni kosa la jinai, na hatari yake kubwa ni methanoli, ambayo huwezi kuionja wala kuinusa na inaweza kukupofusha au kukuua. Kataa kila mara, hata kama anayekupa ni mwenyeji wako mpendwa. Ukitaka kitu cha chupa cha kupeleka nyumbani, nunua mvinyo wa ndizi uliosajiliwa. Tazama alama ya TBS na stempu ya kodi kwenye kizibo. Hauna moshi wa lubisi, lakini unafika Mwanza salama.

Lubisi yenyewe usijaribu kuibeba. Inaendelea kuchacha njiani, na chombo kilichofungwa kabisa kitapasuka kwenye begi lako kabla meli haijaondoka Kemondo. Niliona dumu la lita tano likifanya hivyo kwenye chumba cha watu wanne. Nunua buni za kutafuna sokoni Bukoba, zilizofungwa kwenye majani ya mgomba, na kama ni jioni ya meli, uwe gatini mapema, maana mikungu ya ndizi inayopelekwa Mwanza hupakiwa kwanza na njia ya kupandia hujaa.